Pumzi ya Bi Saba

Natupa mshipi!
Utupe, tunaushika!

Zamani, zamani sana, wanne walikuwapo kwenye mlango wa mto, pale maji matamu yanapokutana na maji ya chumvi. Alikuwapo Korongo. Alikuwapo Fisi-maji. Alikuwapo Kenge. Na alikuwapo mwanadamu mmoja, Mzee Mbelwa wa Shekiondo, aliyewafundisha wote kuvua kwa mshipi. Hao ndio waliokuwapo. Wengine wanaosema walikuwapo, hawakuwapo.

Hawakuja kutafuta kitoweo. Kila mwaka, masika yakianza, samaki mmoja mkubwa alitoka baharini kupanda mtoni kutaga mayai. Hakuwa nguru, wala hakuwa chewa. Jina lake lilikuwa Bi Saba, kwa sababu ya mistari saba myeusi ubavuni mwake. Walimvua, wakamtazama, wakamrudisha. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yao.

Sharti lilikuwa moja. Ukimtoa Bi Saba majini, nawe unazuia pumzi. Pumzi yako ikikushinda, mrudishe, kwa kuwa na yeye yake inamshinda.

Korongo akatupa mshipi, akamvua. Mzee Mbelwa akahesabu. Alipofika kumi, Korongo akamrudisha.

"Umeona nini?" akaulizwa.

"Mistari miwili. Ndani ya ule weusi mna rangi, jamani! Ukiutazama mmoja hutaki kuuacha."

Fisi-maji akatupa mshipi, akamvua. Mzee Mbelwa alipofika ishirini na tano, Fisi-maji akamrudisha.

"Mitano," akasema polepole. "Sina la kuongeza."

Kenge akacheka. "Mitano tu? Na kifua chote hicho, bwana!"

"Zamu yako inakuja, mwenye mkia. Tutaona."

Lakini Kenge alikuwa ameficha kinywani kipande cha tete chenye tundu. Akatupa mshipi, akamvua Bi Saba, akavimbisha mashavu kama aliyezuia pumzi. Kumbe anapumua kwa tete.

Mzee Mbelwa akahesabu thelathini.

"Kenge, nirudishe," akasema Bi Saba.

Kenge akatikisa kichwa: bado.

Mzee akahesabu sitini.

"Kenge, nirudishe. Nina watoto tumboni, na mto mzima unawangoja."

Kenge akatikisa kichwa: bado.

Mzee akahesabu tisini. Safari hii Bi Saba hakusema kitu.

"Saba!" Kenge akapiga kelele. "Nimeiona yote saba!" Tete likamtoka kinywani, likaanguka mchangani. Wote wakaliona.

Mzee Mbelwa hakumgombeza. Alilowesha mikono yake, akampokea Bi Saba, akaingia naye mtoni, kichwa cha samaki kikielekea maji yanakotoka. Maji yakamfika magotini. Yakamfika kiunoni. Yakamfika shingoni. Lakini maji ya juu yalikuwa na tope la mvua. Maji safi yalikuwa chini.

"Hesabu, Korongo," akasema. "Sasa ni zamu yangu."

Akazama naye.

Korongo akahesabu kumi. Akahesabu ishirini. Akahesabu arobaini. Alipofika arobaini na moja, mto ukapasuka, na Bi Saba akaruka juu, mzima, mistari yote saba ikiwaka, kila mmoja na rangi yake, hata majani ya kando yakapata rangi hizo. Hakuna aliyewaamuru, lakini wote watatu walizuia pumzi. Naye Kenge alizuia kweli.

Bi Saba akapanda mto. Wakalitazama wimbi lake mpaka likapotea kwenye kona. Mwaka ule mto ulijaa vifaranga wa samaki, kila mmoja na mistari saba, myembamba kama nywele.

Wenzake wakamhukumu Kenge: popote aendapo atoe ulimi nje, watu waone kwamba hana tete kinywani. Mpaka leo anautoa. Mtazameni.

Na funzo ni hili: kitu kizuri kina pumzi yake. Kitazame, ukistaajabie, lakini kiachie kabla pumzi hiyo haijaisha.

Mshipi wangu nimeukunja. Anayetaka, naye atupe wake.

Mnaniuliza, na mzee je? Korongo aliishia kuhesabu arobaini na moja, na hakuna aliyekumbuka kutazama nyuma. Mzee Mbelwa wa Shekiondo alifariki asubuhi ile.