Zamu ya Senkondo

Mgawa maji hunywesha lake mwisho. Mmelisikia neno hilo leo mkutanoni, zilipokuwa zinasomwa sheria ndogo za kuwabana viongozi wetu, na mmeniuliza limetoka wapi. Kaeni, wajukuu zangu. Lilianza hivi.

Huku kwetu milimani Upareni maji ya mfereji hulala kwenye ndiva, bwawa la udongo. Asubuhi kizibo huchomolewa, maji yakateremka mashambani kwa zamu. Ndiva ikishakauka, aliyekosa atangoja juma zima.

Wazee walimchagua Senkondo awe mgawa maji. Walimchagua kwa makofi, maana alikuwa mchapakazi na mcheshi. Katika furaha ile wakamkabidhi kila kitu: kizibo akae nacho yeye, zamu apange yeye, na mwenye kuvunja zamu ahukumiwe na yeye. Shamba lake nalo lilikuwa la kwanza chini ya ndiva.

Mwaka wa kwanza alikwenda vizuri. Wa pili, migomba yake ikawa inanywa kila siku. Naetwe, mjane mwenye shamba mkiani mwa mfereji, alipewa zamu mbili, na zote mbili maji yalikatika kabla ya kumfikia. Maharage yake yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa maua. Juma jingine kavu, na watoto wake wanne wasingekuwa na chakula. Alipokwenda kulalamika, Senkondo alimjibu, "Mama, mimi nimechaguliwa. Sikujichagua." Kisha akamtoza debe la mahindi kwa kumpigia kelele kiongozi.

Siku ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzoa tope ndivani, Naetwe aliliegemea jembe lake katikati ya watu.

"Nina sheria ya kupendekeza," akasema.

"Unautaka ukubwa, mama?" mmoja akamtania. "Sema tu, tukupigie makofi!"

"Makofi yenu ndiyo yaliyotufikisha hapa. Senkondo abaki. Lakini kizibo akae nacho mtu mwingine. Kesi wasikilize watu watatu. Na yeye shamba lake linywe mwisho, sote tukishamaliza."

Senkondo akacheka. "Mkinifunga hivyo, nani ataikubali kazi hii?"

"Atakayeikubali," akajibu mzee Kiondo, "ndiye tuliyekuwa tunamtafuta."

Watu wakaangua kicheko hata Senkondo akakosa pa kutazama. "Kwa hiyo hamniamini?" akauliza taratibu.

"Tunakuamini, baba," akasema Naetwe. "Ila maharage yangu hayanywi imani."

Mikono ikainuka, imejaa tope. Sheria ikapita. Kizibo akapewa Kiondo. Senkondo angeweza kujiuzulu palepale, lakini alikuwa na kiburi chake. Hakutaka isemwe kwamba kazi imemshinda.

Asubuhi ya zamu, Kiondo alichomoa kizibo. Sasa Senkondo alijua kwamba tone litakalopotea njiani limetoka kwenye fungu lake. Ndipo mngemwona mtu mzima anakimbia na mfereji toka juu hadi chini, suruali imekunjwa magotini, anaziba mashimo ya fuko kwa udongo na majani ya mgomba, anawafokea waliochepusha maji kwa siri. Mashimo yale alikuwa akiyaruka miaka miwili.

"Naetwe! We Naetwe!" alipaza sauti. "Yanakuja hayo! Fungua haraka yasimwagike!"

Naetwe akafungua. Maji yakaingia tuta kwa tuta, naye akasimama humo, yakampanda hadi vifundoni.

Naetwe alipomaliza kumwagilia, Senkondo akapanda zake juu, akafungulia shamba lake yaliyobaki ndivani.

Yalimtosha.

Tangu siku ile, yeyote anayetaka tumchague hapa kwetu tunampa kwanza masharti, makofi baadaye. Akiuliza kwa nini, tunamwambia: mgawa maji hunywesha lake mwisho.