Firigisi Moja kwa Skripti ya Salamu

Hapo zamani, si zamani ya wafalme na majini, ni zamani ya juzijuzi tu, simu zilipokuwa bado na vitufe na intaneti ikiingia kwa kukoroma kwenye waya, palikuwa na redio ndogo mjini Tukuyu. Watu waliiita Redio Mvua, maana huko mvua ikikatika watu huulizana kulikoni. Sogeeni karibu. Na wewe unayechezea simu, iweke mfukoni, maana mwisho wa kisa hiki nitakuuliza swali na sitaki uniambie hukusikia.

Redio Mvua ilipendwa kwa kipindi kimoja: salamu za Jumamosi. Watu waliandika kadi, na Mzee Gwakisa, mtangazaji, akazisoma kwa sauti yake nzito: fulani anamsalimu fulani, bila kumsahau fulani. Ukitajwa, unatembea wiki nzima kifua mbele. Lakini watoto wa Tukuyu walikuwa wametawanyika, wengine Dar, wengine Gaborone, wengine Maskati, na kadi zao zilifika sikukuu ikishapita. Ndipo meneja akasema, tuweke ukurasa kwenye tovuti yetu, mtu aandike salamu huko huko aliko, nasi tuzipokee papo hapo.

Kazi hiyo akampa Subilaga, binti aliyekuwa kwenye majaribio. Subilaga alijifunza Perl, lugha ya kompyuta, kwa kitabu cha kuazima kilichonyofoka kurasa za mwanzo, yaani zile hasa anazozihitaji mtu anayeanza. Meneja akamwambia, "Binti, Jumamosi saa nane salamu za mtandaoni zisomwe hewani. Zikisomwa, kazi ni yako. Zisiposomwa, namwita yule mtaalamu wa Mbeya, na wewe nakutakia kila la heri."

Subilaga akarudi nyumbani ameshika tama. Mama yake akamwuliza kulikoni, akaelezwa. Mama hakuelewa Perl ni mdudu gani, lakini alielewa kazi. Akasema, "Basi huyo atakayekuokoa, nitamchinjia jogoo wangu mwekundu. Na firigisi ataila yeye."

Mmesikia? Huyo. Mmoja. Na ninyi mnajua kuku ana firigisi moja, na kwa watu wetu firigisi haikatwi vipande kama kitunguu. Anapewa mtu mmoja, mheshimiwa wa siku hiyo, na wengine wanamtazama akitafuna. Mama wa watu aliongea kwa uchungu wa mzazi, hakujua anajitengenezea kesi.

Alhamisi asubuhi Subilaga akamaliza skripti yake, yale maagizo aliyoiandikia kompyuta kwa Perl, akaipandisha kwenye seva, ile kompyuta inayopokea maombi ya watu na kuyajibu. Akafungua ukurasa. Akaandika salamu. Akabonyeza. Seva ikajibu: Hitilafu ya ndani. Akabonyeza tena. Hitilafu ya ndani. Akaomba Mungu, akabonyeza. Hitilafu ya ndani, vilevile, bila hata haya. Na meneja alikuwa amesema mchana atapita kuangalia maendeleo.

Subilaga akakimbia hadi stendi, kwenye duka la intaneti la Ambakisye. Ambakisye alikuwa fundi kweli, tatizo lake moja tu, alipenda mtu ajue kwamba yeye ni fundi.

"Kaka Ambakisye, nisaidie, nakufa."

"Hufi. Twende."

Akafika, akaitazama skripti, akacheka kidogo puani. "Sogea," akasema. Subilaga akasogea. Vidole vikaimba kwenye kibodi ta-ta-ta-ta, madirisha yakafunguka na kufungwa, Subilaga hata hakuwahi kuyasoma. Kisha Ambakisye akabonyeza. Ukurasa ukajibu: Asante, salamu zako zimepokelewa.

Subilaga akaruka. "Umefanyaje?"

"Si inafanya kazi? Tulia."

Mpaka leo ukimwuliza Ambakisye alirekebisha nini, atakwambia vitu viwili vitatu. Lakini haki yake apewe. Kikombe chake cha chai hakijapoa, meneja akaingia. Akatuma salamu moja kwa mkewe, ikapokelewa, akatabasamu. Alikuwa ameshika simu mkononi tayari kupiga Mbeya. Akairudisha mfukoni.

Ambakisye akaenda zake Kyela, harusini kwa binamu yake, akazima simu ili ale kwa raha.

Ijumaa meneja akarudi na wazo. Mameneja wakifurahi hupata mawazo. "Ongeza mahali pa mtu kuchagua wimbo," akasema. Jambo dogo. Subilaga akaongeza mistari michache, akaipandisha skripti, akabonyeza. Hitilafu ya ndani. Akampigia Ambakisye, simu haipatikani. Akajaribu kukumbuka vile vidole vilivyoimba, akakumbuka wimbo tu, maneno hakuyajua.

Kulikuwa na baraza moja la mtandaoni ambapo wanaoanza Perl waliuliza maswali. Subilaga akaandika humo: "Skripti yangu imegoma, naomba msaada haraka." Mmoja akamjibu kwamba hata yake imegoma. Mwingine akamshauri aache Perl alime chai. Wa tatu akajitambulisha kuwa ni Bi Siwema, mzaliwa wa Pangani, mwalimu wa kompyuta huko Mbeya.

"Mwanangu," akaandika Bi Siwema, "usiniambie imegoma. Punda ndiye hugoma. Niambie seva imesema nini."

"Shikamoo, Bi Siwema. Imesema hitilafu ya ndani."

"Marahaba. Hayo imewaambia wageni barazani. Wewe ni mwenye nyumba. Ingia chumbani, fungua faili la makosa, usome ilichoandika."

Subilaga hakujua kama kuna faili la makosa. Akalitafuta, akalipata, limejaa maneno kama shamba lisilopaliliwa. Akalinakili lote, akalituma. "Naomba uniambie kosa ni lipi."

"Sitakwambia," akajibu Bi Siwema. "Soma mstari wa mwisho. Umetaja nini?"

"Umetaja mstari wa ishirini wa skripti yangu. Nimeutazama, hauna kosa! Bi Siwema, tafadhali, nitafukuzwa kazi."

"Hutafukuzwa. Soma tena."

Hapo Subilaga alikasirika, nami simlaumu. Mtu anajua jibu, analo mkononi, na anakunyima huku unazama! Chakula cha mchana kikampita. Akafuta machozi, akajikaza, akasoma tena. Mstari wa ishirini mzima. Akausoma na kuusoma. Kisha Bi Siwema akaandika neno moja tu la ziada: "Mtu akijikwaa mlangoni, hutazami alipoangukia, unatazama alipopiga guu."

Subilaga akapandisha macho mstari mmoja juu. Wa kumi na tisa, ule aliouongeza asubuhi, haukuwa umefungwa. Kile kinuktamkato cha mwisho alikisahau, na Perl ikausoma mstari wa ishirini kama mkia wa huo. Akakiweka. Akabonyeza. Asante, salamu zako zimepokelewa. Akapiga vigelegele peke yake ofisini hadi mlinzi akaja kuchungulia.

"Nimepata!" akaandika.

"Umepata mwenyewe," akajibu Bi Siwema. "Nami kesho nakuja Tukuyu kumwona dada yangu. Chukua namba yangu, nitataka kukuona huo uso."

Jumamosi ikafika. Tangu asubuhi redio ilikuwa ikitangaza: tumeni salamu, tumeni salamu! Na watu walituma. Subilaga alikuwa anaimba. Saa saba akafungua faili la salamu ili amchapishie Mzee Gwakisa. Akakuta salamu moja.

Akafikiri macho yanamdanganya. Akasubiri, akafungua tena. Salamu moja, lakini sasa ya mtu mwingine! Ya kwanza haipo. Akafungua faili la makosa, kama alivyofundishwa. Tupu. Seva haikulalamika hata kidogo, iliona kila kitu kiko shwari. Akampigia Ambakisye, bado yuko na wali wa harusi. Akampigia Bi Siwema, yuko njiani kwenye basi, mtandao umekatikia milimani. Subilaga akaketi, akalaza kichwa juu ya meza.

Mzee Gwakisa akaingia na chupa yake ya chai. Mzee huyu alikuwa hajawahi kugusa kompyuta. Aliamini ina joto la kudhuru sauti.

"Mama, mbona hivyo?"

"Baba, salamu zinapotea. Na sijui kwa nini."

"Nieleze."

"Baba, huelewi mambo haya."

"Ndiyo maana unieleze polepole."

Alivuta kiti akaketi, akamimina chai, kana kwamba dunia nzima ina nafasi. Subilaga akaanza, kwa heshima tu, mtu mzima hapuuzwi. "Hapa napokea jina la mtu. Hapa napokea salamu yake. Hapa nafungua faili. Hapa naandika. Hapa nafunga."

"Hicho kialama kama mdomo wa ndege ni cha nini?"

"Hicho? Ni cha kufungulia faili ili niandike ndani yake."

"Na kama ndani mna vitu tayari?"

"Kama mna vitu, basi Perl ina..." Akamtazama mzee. Akaitazama skrini. "Inafuta kwanza! Baba, inafuta kwanza! Mdomo mmoja unafuta, midomo miwili ndiyo inaongeza chini ya vilivyopo!"

"Eeh," akasema Mzee Gwakisa, akanywa chai. Hakuwa ameelewa kitu.

Subilaga akaongeza mdomo wa pili. Akatuma salamu ya kwanza, akatuma ya pili, akafungua faili. Zote mbili zimekaa, moja chini ya nyingine. Akamkumbatia mzee hadi chai ikamwagika.

Saa nane Mzee Gwakisa akaingia hewani. "Mliotuma asubuhi, wapenzi wangu, mkono wetu uliteleza. Tumeni tena!" Wakatuma. Zilimiminika! Nesi wa Gaborone akamsalimu mama yake wa Masoko, bila kumsahau shangazi aliyemfundisha kupika. Fundi magari wa Maskati akamsalimu mchumba wake, bila kumsahau baba mkwe mtarajiwa, na huko Tukuyu baba mkwe mtarajiwa akainuka kwenye kiti akaongeza sauti ya redio ili majirani wasikie. Kipindi kikazidi muda wake na hakuna aliyethubutu kukikata. Meneja akampa Subilaga mkono. "Kazi ni yako."

Jumapili jogoo mwekundu akachinjwa. Wageni wakaketi: Ambakisye amerudi na nguo ya harusi bado mwilini, Bi Siwema na khanga mpya, Mzee Gwakisa na chupa yake ya chai. Ndizi zikaja, mchuzi ukaja, na katikati ya sinia, juu ya vyote, firigisi. Mama akaitazama. Sasa ndipo alipoiona kesi yake.

Ambakisye akasafisha koo. "Mama, tusizunguke. Alhamisi meneja alikuwa na simu mkononi. Bila mimi, hiyo Ijumaa ingetoka wapi? Hiyo Jumamosi ingetoka wapi? Nyumba inaungua, mimi nikamwaga maji. Hawa wengine walikuja kupaka rangi."

"Ulimwaga maji ukaondoka na ndoo," akasema Bi Siwema. "Kesho yake moto ukawaka, mtoto hana hata kikombe. Mimi nilimwonyesha kisima. Jumatatu atakaa kwenye kile kiti peke yake, wewe uko harusini, mimi niko darasani. Kitakachomsaidia ni kipi?"

"Lakini ulimliza," akasema Ambakisye. "Jibu unalo, umelikalia! Kama angekata tamaa je?"

"Alilia, na akaona."

Mzee Gwakisa akaweka kikombe chini. "Mimi Perl siijui, na sitaki kuijua. Lakini mlipokuwa hampatikani, mimi nilipatikana. Faili lenu la makosa lilikuwa tupu. Nilimwuliza tu, naye akajijibu. Kama kukaa na mtu si msaada, basi sijui msaada ni nini."

"Ulibahatisha, baba!" Ambakisye akacheka.

"Nilibahatisha nikiwa nimeketi. Wewe ulikuwa unacheza muziki."

Wote wakacheka, hata Ambakisye. Kisha mzee akamchokoza Bi Siwema, akasema tangu lini firigisi ikaliwa na mwanamke. Mama wa Subilaga akamkata jicho. "Jogoo nimemfuga mimi. Atakula ninayetaka." Basi mzee akarudi kwenye chai yake.

Lakini mama mwenyewe hakujua anataka nani. Akamsukumia bintiye upawa. "Mwanangu, aliyesaidiwa ni wewe. Mimi niliahidi mtu mmoja, na sirudi nyuma kwa maneno yangu. Mpe aliyekuokoa."

Subilaga akaichota firigisi. Akamtazama Ambakisye, ambaye bila yeye asingefika Ijumaa. Akamtazama Bi Siwema, aliyemkasirisha kuliko wote, na ambaye faili lake la makosa atalifungua kila siku ya maisha yake. Akamtazama Mzee Gwakisa, ambaye hakujua kitu na alibaki naye. Aliwapenda wote watatu, na mchuzi ulikuwa unadondoka kwenye khanga yake, na wote watatu walikuwa wamesogeza sahani mbele.

Mimi najua aliyepewa, na siwaambii. Upawa uko mkononi mwenu sasa, na msinipe jibu la kukata vipande, nimeshawaambia haikatwi. Semeni, wenzangu: kati ya aliyemfanyia, aliyemfundisha, na aliyemsikiliza, je, nani alistahili firigisi?