Shomoro Alipotembea Mjini

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa mji!
Mji wa nani?
— Wa mwenye miguu na masikio!
Basi mwenye masikio asogee motoni, mwenye usingizi atupishe.

Hapo zamani za kale palikuwa na mji wa mafundi. Maji yake yalitoka kwenye chemchemi ya msituni, na chemchemi ilikuwa mali ya ndege. Sharti lao lilikuwa moja: wenye wimbo wao wanywe, wasio na wimbo watafute maji kwingine.

Siku moja ndege wakamtuma Shomoro akague mji. Siku hizo Shomoro alikaa msituni. Akaruka, akatua kwenye paa refu kuliko yote, akasikiliza.

"Watu wa mji," akasema, "kelele nasikia, wimbo sisikii. Nawapa siku tatu. Mkishindwa, chemchemi naifunga."

Fumo, muuza kahawa, akawatazama wenzake. "Jamani, bila maji nitawauzia vumbi la moto."

Siku ya kwanza kila mtu akapiga alichonacho, kwa nguvu, kwa pamoja. Nyundo, vinu, masufuria, milango. Punda wakakata kamba.

Shomoro akasema, "Kelele nasikia, wimbo sisikii."

Siku ya pili wakakatazana. Nyundo chini, mchi chini, midomo imefungwa. Aliyekohoa alikanyagwa mguu.

Shomoro akasema, "Leo hata kelele sisikii."

Siku ya tatu asubuhi, Mwatime, mtwanga mpunga, akasimama mlangoni pake. "Siku mbili tumeacha kazi tumfurahishe ndege," akasema. "Mpunga wangu haujitwangi. Maji yakifungwa, yafungwe nikiwa kazini."

Akashika mchi. Jirani yake akakalia mbuzi, akakuna nazi. Mfua shaba akaokota nyundo. Fumo akamimina maji yake ya mwisho katika dele, akatia kahawa, akapuliza makaa. Kisha akaenda chini ya lile paa.

"Bwana Shomoro, shuka tutembee."

"Nina mbawa. Nitembee kwa nini?"

"Huko juu mji wote unakuangukia kwa mkupuo. Huku chini unakuja mmoja mmoja, kwa mwendo wa mguu. Au unaogopa paka?"

"Paka nani?" akasema Shomoro, akashuka.

Fumo akatangulia akigonganisha vikombe mkononi: kacha, kacha, kacha. Shomoro ana miguu mifupi. Akitembea anaachwa, ikabidi arukeruke. Kacha, akaruka. Kacha, akaruka.

Wakaingia kichochoro cha kwanza. Kinu cha Mwatime kikasema tu, tu. Wakapita, kinu kikabaki nyuma.

Wakaingia kichochoro cha pili. Mbuzi ya nazi ikapokea, kwaru, kwaru, na kinu bado kinasikika kwa mbali.

Wakaingia kichochoro cha tatu. Nyundo ya shaba ikapokea, ngang, ikanyamaza, ngang, ikanyamaza. Na katika ule unyamavu, kila ulipokuja, pakasikika: chi-chi.

Ngang. Chi-chi. Ngang. Chi-chi.

Walipofika mwisho, watu walikuwa wamejaa wakingoja, Mwatime mbele yao, amekata njia ya mkato, mchi begani.

Shomoro akajikung'uta. "Kelele nasikia, wimbo sisi..."

"Na ile chi-chi ilikuwa ya nani?" akauliza Mwatime.

"Nilikuwa nakohoa."

"Kikohozi kinachojua pa kuingilia?"

Watu wakacheka. Shomoro akatazama miguu yake. Vikombe vya Fumo vilikuwa kimya, lakini miguu ilikuwa bado inaruka.

Akasema, "Ndege haitikii kelele. Mmenipitisha katika wimbo, nami nimeitikia. Kunyweni. Chemchemi ni yenu."

Akapeleka habari msituni, kisha akarudi mjini, akahamia. Mpaka leo ndege wengine wanatembea. Yeye njiani anarukaruka, maana anafuata vikombe.

Na mji ule haukuazima ngoma kwa mtu. Mgeni akiuliza wimbo wao uko wapi, humjibu: "Vaa viatu."

Funzo ni hili: wimbo wa mji hupigwa na walio kazini, na husikiwa na anayetembea.

Hadithi yangu imefika mlangoni. Ikiwa tamu, tembeeni nayo. Ikiwa chungu, mlaumuni Shomoro. Mimi nilikuwa nakohoa tu.