Kufuli la Sanduku la Ambakisye

Mfanyabiashara mmoja, jina lake Ambakisye, alikuwa na duka la makufuli. Katika nchi ile watu waliamini chapa ya Tembo tangu enzi za babu zao. Aliyemwona tembo mgongoni mwa kufuli hakuuliza zaidi. Ambakisye alimpata fundi ng'ambo ya mpaka aliyejua kumchora tembo huyo vizuri sana, ila hakujua kutengeneza kufuli.

Jirani yake, mjane aitwaye Sekela, alinunua kufuli moja la fundi huyo akafungia ghala lake la mahindi. Wezi walilifungua kwa msumari. Sekela hakumlaumu muuzaji. Alisema labda yeye mwenyewe hakulibana sawasawa. Maneno hayo yalimchoma Ambakisye moyoni, kisha yakapoa, kwa kuwa faida ni tamu.

Msimu uliofuata alitia akiba yake yote katika shehena mpya. Mpakani, ofisa wa forodha, mama mmoja mtulivu, alilipima kufuli moja kiganjani, akaliona jepesi mno, akamweleza sheria bila kupandisha sauti: mzigo wa chapa ya kughushi huteketezwa, mwenyewe hutozwa faini, na gharama za kuuteketeza ni juu yake. Ambakisye akaona maisha yake yanakwenda na maji. Akaapa kwa Mungu kwamba makufuli yake ni imara kama yale ya asili, na kwamba kuyazuia ni kuwaonea wanyonge.

Yule mama alikuwa akilitazama sanduku la safari la Ambakisye. Lilifungwa kwa kufuli kuukuu la Tembo, la kweli, alilorithi kwa baba yake.

"Mzee wangu, sikubishii," akasema. "Toa hilo kuukuu, sanduku lako ulifunge kwa mojawapo ya haya, kisha uliache hapa barazani penye watu mpaka kesho."

Ambakisye alilishika sanduku, asiliachie. Akamkumbuka Sekela na ghala lake tupu, akaona haya zaidi ya alivyoogopa faini. Akaukabidhi mzigo, akasimama akiutazama ukisagwa mpaka kufuli la mwisho.

Ndugu zangu, kila siku tunawapa wenzetu ahadi na viapo vyenye chapa nzuri. Wewe, je, ungethubutu kufunga mlango wa nyumba yako kwa viapo hivyo ukalala?