Pikipiki ya Mihayo na Bibi Nyamizi wa Mashine

Paukwa!
Pakawa!
Wa mbele wananisikia?
Wanakusikia!
Na wa nyuma?
Nao pia!

Basi hapo kale, si kale ile ya sungura kusema, ni kale ya pikipiki za kwanza kufika vijijini, palikuwa na mtu aitwaye Mihayo. Alikuwa na mke, Ngollo, na pikipiki nyekundu. Mke alikuwa mjamzito. Pikipiki ilikuwa nzima.

Ilikuwa nzima, lakini Mihayo hakuiacha ilivyo. Aliona ekzosi yake, bomba la kutolea moshi, inanong'ona tu, akafunga ekzosi pana, ya kunguruma. Akang'oa na chujio la hewa, akaweka lililo wazi zaidi. Akapiga kiki. Ngurrr! Kuku wakaruka. Mihayo akacheka.

Kicheko hakikufika mbali. Kwenye kilima cha kwendea zahanati, pikipiki ikakohoa. Pu! Pu! Ta! Akivuta mafuta, inalegea. Akiachia, inalipuka kwa nyuma. Injini ikapata moto kama chungu jikoni. Mihayo akashuka, akaisukuma hadi kwa mafundi wa kijiji, mapacha Kulwa na Doto.

"Ukishabadilisha vitu hivi, lazima mafuta yarekebishwe," akasema Kulwa.

"Lazima gani?" akadakia Doto. "Mimi nilibadilisha ekzosi, mafuta sikuyagusa. Mwaka wa pili huu natembea."

Mihayo akamtazama Kulwa. Akamtazama Doto. Kulwa akalegeza skrubu ya kabureta, pale mafuta yanapochanganyika na hewa. Pu! Pu! Ta! Kesho yake Doto akaikaza. Pu! Pu! Ta! Kulwa akalegeza tena. Doto akakaza tena. Pu! Pu! Ta!

Mihayo akarudi nyumbani kichwa kizito.

"Imepona?" akauliza Ngollo.

"Sijui."

"Inaumwa nini?"

"Sijui."

"Na siku yangu ikifika, nitapanda nini?"

Mihayo akatoka kwenda kupiga kiki tena.

Siku ikafika. Asubuhi, Ngollo akashika mwimo wa mlango, akaita kwa uchungu. Wakaja wanawake, na miongoni mwao Bibi Nyamizi, yule tunayemkumbuka hadi leo. Alikuwa mjane, na kwa miaka thelathini aliendesha mashine ya kusaga, akaijua injini kwa kuisikiliza tu. Mihayo alikuwa uani anapiga kiki. Pu! Pu! Ta!

"Zima," akasema Bibi Nyamizi.

"Bibi, uchungu umeanza!"

"Nimesema zima. Toa plagi."

Mihayo akaitoa plagi, ile ya kutia cheche ndani ya injini. Plagi ilikuwa nyeupe kama majivu.

"Umebadilisha nini?"

"Ekzosi."

"Na nini tena?"

"Chujio la hewa."

"Vyote viwili! Na mafuta?"

"Kulwa alilegeza skrubu, Doto akakaza."

"Skrubu ile ni ya pikipiki inayonguruma imesimama, si ya inayopanda kilima. Rudisha plagi, washa. Sasa vuta choki kidogo."

"Choki, Bibi? Si ya kuwashia kukiwa na baridi?"

"Choki inabana hewa. Vuta."

Akavuta. Pu... pu... rrrrr. Mlio ukatulia.

"Hewa imezidi, ina njaa ya mafuta," akasema Bibi Nyamizi. "Isingekuwa na njaa, choki ingeizima. Nenda hivyo hivyo, pole pole. Choki usiiguse."

Mihayo hakuelewa. Abane hewa ndipo ipate nguvu? Lakini Ngollo alikwisha kupanda, amemng'ang'ania kiunoni. Wakaenda. Rrrrr. Kilima kikaja. Rrrrr. Moshi mweusi ukatoka nyuma. Rrrrr. Wakafika zahanati, na kabla ya jua la utosi Ngollo akajifungua mtoto wa kike, wote wazima.

Waliporudi, Bibi Nyamizi akawaita mapacha. Kulwa akaweka jeti kubwa zaidi, kile kitundu cha kupitishia mafuta ndani ya kabureta. Wakaendesha, wakatoa plagi. Nyeusi, masizi matupu!

"Sasa imevimbiwa," akasema Bibi. "Punguza saizi moja."

Wakapunguza, wakaendesha. Plagi ikatoka na rangi ya hudhurungi.

"Hapo hapo. Acheni."

Mihayo akakuna kichwa. "Bibi, kati ya Kulwa na Doto, nani alisema kweli?"

"Wote wawili."

"Wote vipi?"

"Doto alibadilisha ekzosi peke yake, ikavumilia. Akakujibu habari za pikipiki yake. Wewe umefungua hewa mbele na moshi nyuma. Kulwa alijua dawa, ila aliipaka pasipouma."

"Kwa hiyo nikibadilisha tena..."

"Toa plagi uitazame."

"Na kama..."

"Toa plagi, Mihayo!"

Basi, wasikilizaji wangu, ukibadilisha kitu kimoja, usidhani vingine vimebaki vilivyokuwa. Na kabla hujauliza watu, kiulize kitu chenyewe.

Hadithi yangu naitua hapa. Aliyeielewa, akamweleze Mihayo.