Meza ya Shubiri Nne

Hapo zamani, wala si ile zamani ya fisi na sungura bali zamani ya chuma na mafuta, palikuwa na karakana katika mji wa Ifukuta, kando ya mto Lukuyu. Kaeni vizuri. Mwishoni nitawauliza, na atakayesinzia asije akajifanya ana jibu.

Karakana hiyo ilikuwa na desturi moja. Kila chuma kilichotoka mlangoni kilipigwa alama ya fundi. Fundi mmoja. Si wawili, si watatu. Kila fundi alikuwa na patasi yake ndogo ya alama: huyu nyota, yule samaki, mwingine jani. Chuma kikifanya kazi vizuri, watu walisoma alama wakamsifu mwenyewe. Kikivunjika, walisoma alama wakaenda nyumbani kwake. Ndiyo maana alama ilikuwa moja tu, watu wajue mlango wa kubisha.

Fundi mkuu aliitwa Ansgari Mkopora, na alama yake ilikuwa jembe. Miaka thelathini jembe lile lilisifiwa kila mahali, mpaka yakatokea ya pantoni.

Mwaka wa mvua kubwa, shafti ya pantoni ilikatika katikati ya mto. Shafti ndiyo ile nondo nene inayotoka kwenye injini kwenda kuzungusha pangaboi la kusukuma maji. Ilipokatika, pantoni haikuwa na nguvu tena. Maji yakaibeba, yakaipigiza mwambani, na watu saba wakafa. Shafti ilipoopolewa, watu waliifuta tope, wakaiona alama. Jembe.

Wakaenda nyumbani kwa Ansgari. Hawakumpiga, hawakumtukana. Walikaa uani kwake tangu asubuhi mpaka adhuhuri, hakuna aliyesema neno, kisha wakainuka wakaenda zao. Ansgari aliwahi kumwambia mkewe kwamba siku ile angeshukuru mtu amrushie hata jiwe.

Kosa lake alilijua. Mgongoni mwa shafti huchongwa mfereji mmoja mrefu wa kukalia kabari, na mfereji huo ulitakiwa uwe wa shubiri tatu na nusu. Lakini mashine ya kuchonga ilikuwa ndogo. Shafti hufungwa juu ya meza ya chuma. Pampu husukuma mafuta, mafuta husukuma pistoni, pistoni husukuma meza, na meza huipitisha shafti chini ya kisu. Pistoni ilitoka shubiri mbili tu, basi meza nayo ilikwenda shubiri mbili, ikagota. Ansgari alifanya kama alivyofundishwa, na kama alivyofundishwa aliyemfundisha: akachonga nusu, akaigeuza shafti, akachonga nusu ya pili. Mifereji miwili ikakutana katikati kwa kidato chembamba kama ukucha. Ufa ulianzia kwenye kidato hicho.

Ansgari akasimama mbele ya wafiwa. "Shafti mpya itachongwa kwa mwendo mmoja, bila kugeuzwa," alisema. "Na fundi ambaye alama yake itapigwa juu ya shafti hiyo, huyo ndiye atakayechukua ufunguo wa karakana. Mimi jembe langu naliweka chini."

Maneno mazuri, lakini shubiri mbili ni shubiri mbili. Silinda, ile nyumba ya pistoni, ikiwa ndefu zaidi ingerudi nyuma, na nyuma ya mashine palikuwa na ukuta, na nyuma ya ukuta mwamba. Mbele tu ndiko kulikokuwa na nafasi. Miezi miwili Ansgari aliizunguka mashine ile asipate la kufanya, na watu wakawa wanavuka mto kwa mitumbwi, roho mkononi.

Fundi wa kwanza aliyekuja na neno aliitwa Kasiani, alama yake nyota. Alikuwa hodari wa kufikiri na mvivu wa kushika tupa, na hilo hakulificha. Siku waliyoileta shafti mpya kutoka stesheni, waliilaza juu ya mabomba na kuisukuma. Kasiani akasimama njiani akawazuia wenzake wote, jua kali, watu wanatweta.

"Tazameni," alisema. "Bomba limeviringika hatua moja. Shafti iliyo juu yake imekwenda hatua mbili."

"Tumeona, Kasiani. Sukuma!"

"Hamjaona. Bomba hatua moja, shafti hatua mbili!"

Akakimbia mpaka karakana akachora kwa chaki sakafuni. Kwenye ncha ya pistoni liwekwe gurudumu la meno. Chini yake ulazwe ufito wa meno uliokazwa kwenye kitako cha mashine. Juu yake ulazwe ufito mwingine wa meno, uliokazwa tumboni mwa meza. Pistoni ikitoka shubiri mbili, gurudumu litaviringika shubiri mbili, na meza iliyo juu yake itakwenda shubiri nne. Silinda ileile, ukuta uleule. Ansgari alipiga magoti akaifuata michoro kwa kidole, akainuka macho yamelowa.

Fundi wa pili aliitwa Edeltruda, alama yake jani. Huyu alikuwa mtu wa tupa. Mumewe alikuwa mmoja wa wale saba. Gurudumu na fito mbili hazikununulika popote, basi yeye alizichonga kwa mkono, jino kwa jino, siku arobaini na mbili. Akichonga jino, analipima. Akilipima, halimridhishi. Lisipomridhisha, anautupa ufito mzima na kuanza upya. Fito nne alizitupa. Kasiani alimwambia, "Dada, jino moja likipungua kidogo, nani atajua?" Edeltruda hakuinua kichwa. "Kisu kitajua," alisema.

Wakafunga kila kitu, wakawasha pampu. Meza ikaondoka, ikapita shubiri mbili, ikapita tatu, ikafika nne. Watu wakapiga vigelegele. Kisha wakafunga shafti, wakashusha kisu, na meza ikakwama.

Hapo ndipo anapoingia fundi wa tatu, Severini, alama yake samaki, mtu wa pampu na valvu. Alikuwa mzito wa kusema na mwepesi wa kukataa. "Mmeipa meza mwendo mara mbili," alisema. "Mmeipunguzia nguvu nusu. Mlidhani ni bure?"

"Tuongeze mkandamizo wa mafuta," alisema Kasiani.

"Mipira ya kupitishia mafuta imezeeka. Itapasuka."

"Ongeza kidogo tu, Severini. Watu wanavuka kwa mitumbwi!"

Severini akang'oa mkono wa pampu ili isiwashwe, akautia kwapani, akaenda nao nyumbani. Siku tisa hakurudi. Ansgari alimfuata mara tatu akamsihi kama mtoto, na mara tatu Severini akamjibu, "Mzee, bado nafikiri." Siku ya saba mtumbwi ukapinduka, na mama mmoja muuza ndizi akachukuliwa na maji. Siku ya kumi Severini akaja na mkono wa pampu.

"Mkandamizo hauongezwi," alisema. "Kisu kikate kidogokidogo. Badala ya kupita mara arobaini, kitapita mara mia nne. Na mimi nitakaa kwenye valvu, kwa sababu meza hii sasa inakimbia, na isipozuiwa mwishoni itagonga na kuvunja meno aliyoyachonga Edeltruda."

Ndivyo ilivyokuwa. Siku tatu kisu kililamba chuma, chembamba, chembamba, na Severini mkono kwenye valvu, akiachia mafuta, akiyabana, akiyaachia. Mfereji ukawa unashuka, umenyooka, hauna kidato. Ikabaki mara ya mwisho, ile ya kulainisha.

Meza ilipofika katikati ikaanza kuzubaa. Kisu kilikuwa kimechoka. Wote waliijua hatari: meza ikisimama hapo, kisu kitaacha kidato katikati, palepale pa zamani. Kasiani alikuwa upande wa pampu. Akanyoosha mkono, akakaza skrubu ya mkandamizo robo mzunguko. Hakumwambia mtu. Meza ikapata nguvu, ikasonga, na mpira wa mafuta ukapasuka.

Severini akaona mafuta yanaruka na meza inapungua mwendo. Angeweza kuruka pembeni. Badala yake alinyakua gunia, akaufumbata ule mpasuko kwa mikono yake miwili, akaubana. Mafuta yalikuwa ya moto. Edeltruda ndiye aliyepiga kelele. Meza ikasonga, polepole, shubiri ya tatu, nusu nyingine, kisu kikatoka upande wa pili. Ndipo Severini akaachia.

Mfereji ulikuwa mmoja, toka mwanzo hadi mwisho. Ansgari aliupitisha ukucha mara ishirini, na ukucha haukukwama.

Siku nane baadaye shafti ilikuwa juu ya meza, imepakwa grisi, na mafundi wa pantoni wako mlangoni wanaisubiri. Severini aliletwa kutoka zahanati, mikono imefungwa mpaka viwikoni. Mganga alikuwa amesema vidole vya mkono wa kulia havitafunguka tena. Ansgari akapanga patasi tatu juu ya meza: nyota, jani, samaki. Akashika nyundo.

"Semeni," alisema.

Kasiani akasema, "Mzee, pasipo mimi meza ingekuwa ya shubiri mbili mpaka leo. Nyinyi nyote mlisukuma shafti, ni mimi niliyeliona bomba. Na sitaficha: mkandamizo niliuongeza mimi, na mikono ya Severini imeungua kwa sababu yangu. Lakini nisingeuongeza, meza ingesimama na kidato kingebaki. Sijutii shafti. Mikono yake najuta, kila nikiamka najuta. Ipige nyota."

Edeltruda akasema, "Pasipo mimi, nyota yake ingekuwa chaki sakafuni, ingefutwa na ufagio. Nilichonga meno mia moja na themanini, na hakuna hata moja lililoteleza. Mtasema nilifanya nilichoambiwa. Ni kweli. Ila katika sisi watatu, ni mimi peke yangu ambaye kazi yangu haikumuumiza mtu. Na usinipe kwa sababu ya marehemu mume wangu, Mzee. Ukinipa kwa huruma nitaikataa. Ipige jani."

Severini akasema, "Pasipo mimi mpira ungepasuka siku ya kwanza, na shafti ingekuwa chuma chakavu. Siku zile tisa, yule mama wa ndizi, najua. Watoto wake nawajua kwa majina. Ningeharakisha, ningeharibu. Nilikaa kwenye valvu siku tatu, na mwisho nikatoa hivi." Akainua mikono yake iliyofungwa. "Mimi tupa sitaishika tena, wala valvu. Kama si ufunguo wa karakana, nimebakiwa na nini? Ipige samaki."

Ansgari akawatazama. Nitawaambia kitu ambacho yeye hakumwambia yeyote. Mfukoni mwa koti lake lilikuwemo jembe, ile patasi yake ya alama. Moyo wake ulimwambia: waache hawa, piga jembe. Shafti ikidumu, jina lako litatakata. Ikivunjika, wewe umeshazoea. Aliliminya mfukoni mpaka likamkata kiganja, akalitoa, akalitupa ndani ya pipa la mafuta machafu. Hakuwa amefikiri, hakuwa amechonga, hakuwa ameungua, na hilo alilijua.

Akamtazama Kasiani, akamwona mtu atakayeongeza robo mzunguko kila atakapoona inafaa, na mara nyingi itafaa. Akamtazama Edeltruda, akamwona mtu ambaye asingewaza gurudumu lile hata kwa miaka mia, na ambaye hatatoa chuma kibovu hata kwa miaka mia. Akamtazama Severini, akamwona mtu aliyewapa mikono yake, na aliyewanyima siku tisa.

Akaujua pia uzito wa kile anachokitoa. Watu wakivuka salama, mwenye alama atapewa shikamoo barabarani na wasiomjua. Shafti ikikatika, hata baada ya miaka ishirini, watakuja uani kwake wakae kimya tangu asubuhi mpaka adhuhuri, naye atatoka mlangoni awakute.

"Mzee, mto unajaa," alisema mtu mmoja wa pantoni. "Tunasubiri alama."

Ansgari akainua nyundo, akanyoosha mkono wa kushoto juu ya patasi tatu.

Mimi naishia hapo, na nyundo iko juu. Kesho asubuhi wewe unayenisikiliza utavuka mto na mwanao mgongoni, na chini ya miguu yenu shafti itakuwa inazunguka. Je, ni alama ya nani ungetaka iwe juu yake, nyota, jani au samaki? Na je, huyo ndiye aliyestahili?