Maksai Aliyeambiwa Ahsante

Ndugu zangu, naona wengine bado mnacheka. Ni kweli, kipaza sauti kilikuwa wazi. Ile sauti iliyosema nje, "Ahsante baba, unalinda vizuri, mzuri wewe," ilikuwa yangu, na aliyesifiwa ni mbwa wa mlinzi. Nimehubiri kuanzia Sumbawanga hadi Kitale, sijawahi kuitikiwa "Amina" kwa nguvu kama leo.

Basi mbwa huyo amenikumbusha mkulima mmoja aliyekuwa akimfundisha kazi maksai mchanga. Mnaolima kwa plau mnajua: ng'ombe mgeni ukimpigia makelele, analala chini katikati ya shamba, hata umchape vipi. Mkulima huyu alikuwa fundi. Maksai akivuta mstari mmoja sawasawa, anamfungua kabla hajachoka, anamkuna shingo, anamlambisha magadi. "Ahsante bwana mkubwa! Leo umenivusha!" Akikosea, hamtukani. Anamrudisha taratibu, wanaanza upya.

Mkewe alimletea uji shambani kila asubuhi. Mume anaonja, anakunja uso. "Leo umeungua." Na siku ulipokuwa mtamu? Kimya. Anakunywa, anarudisha kibuyu.

Asubuhi moja mama akaja na furushi kichwani. Akalitua, akaweka uji kando, akapiga magoti penye nira iliyolazwa chini, akaingiza shingo yake.

"We mama, una wazimu?"

"Nakwenda kwetu. Lakini kabla sijaondoka, nataka nionje mahali panapotolewa ahsante."

Jamani! Hapo nani alikuwa hajafundishwa?

Sisi tunajua kumsifu mbwa, ng'ombe, hata pikipiki ikiwaka asubuhi. Watu wetu tunawasemesha wakikosea tu. Hilo shati ulilovaa, nani alilipiga pasi? Humu ndani nani alifagia, sisi tukaja kukaa tu? Mungu ametuzungushia watu wa kushukuriwa pande zote, na sisi tunaonja uji tukitafuta moshi. Tukiona jema, tulitaje lingali la moto. Mimi mmenilisha katika nyumba zenu kuliko ninavyostahili, tumbo hili ni shahidi. Ahsanteni. Nilichelewa kusema.

Mnataka kujua kama mama aliondoka? Mume alipiga magoti naye, akamvua nira polepole. "Nisamehe, mke wangu. Ahsante kwa uji. Ahsante kwa miaka yote." Mama akaanza kufungua furushi. Mume, kwa kuwa ni mwanamume, akaongeza: "Ila nikikushukuru kila siku, si utazoea?"

Mama akamwonyesha maksai kwa kidevu.

"Huyo kazoea. Ameacha kuvuta?"